Kumwamulia Asiye na Kauli

Miongoni mwa maswali ya maadili, yako yanayotujia kwa kishindo: vita na amani, haki na dhuluma, uhuru na utumwa. Yako mengine yanayokuja kimya kimya, yakapiga hodi mlangoni pa mtu wa kawaida, naye akadhani ni jambo dogo la nyumbani tu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali moja la aina hii ya pili: je, ni wakati gani yafaa kumhasi mbwa mdogo, na ni wakati gani yafaa kumng'oa meno yake ya utoto?

Tunajua kwamba wako watakaocheka. Watasema: watu wana njaa, shule hazina vitabu, nanyi walimu mmekaa kuzungumzia meno ya mbwa! Tunawaomba watuvumilie kidogo. Anayejua kumwamulia kwa haki kiumbe asiyeweza kumjibu, amejifunza jambo atakalolihitaji mbele ya mtoto mchanga, mbele ya mgonjwa aliyepoteza fahamu, na mbele ya mzee aliyesahau hata majina ya wanawe. Asiyejua kuamua hapa penye udogo, tutamwaminije pale penye ukubwa?

1. Maneno kwanza

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, na tuanze na maneno, maana mara nyingi lugha huwa imekwisha kufikiri kabla yetu. Kuhasi ni kumwondolea mnyama dume nguvu ya kuzalisha. Fahali akihasiwa huitwa maksai. Beberu akihasiwa na kunoneshwa huitwa ndafu, na mwisho wake twaujua: ni karamuni. Lakini mbwa akihasiwa hatuna jina la peke yake la kumpa. Hubaki kuwa mbwa aliyehasiwa. Yamkini sababu si ngumu kuiona. Maksai alihasiwa ili awe mtulivu zizini na avute jembe. Ndafu alihasiwa ili nyama yake iwe laini, isiwe na harufu ya beberu. Kisu kilikuwa na faida, na faida ikazaa jina. Mbwa wetu hakuvuta jembe wala hakuandaliwa karamuni, kwa hiyo wachache walijishughulisha kumhasi, sembuse kumtafutia jina.

Kwa upande wa jike, twasema ametolewa kizazi. Neno hili latufaa sana. Kizazi ni kiungo kilichomo tumboni. Na kizazi ni wale waliozaliwa katika zama moja, kama tusemapo "kizazi hiki" na "kizazi kijacho". Anayemtoa mbwa kizazi, basi, huondoa vyote viwili kwa mkato mmoja: kiungo cha mwili, na wale wote ambao wangezaliwa. Lugha inatuonya kwamba jambo hili si sawa na kukata kucha.

Tunalo pia neno chonge, yaani lile jino refu lenye ncha lililo kati ya meno ya mbele na magego. Binadamu anayo manne. Mbwa naye anayo manne. Msomaji na alishike neno hili, kwani tutalirudia.

2. Swali hili si la leo

Watu walijiuliza juu ya kisu na mnyama tangu kale. Torati, katika Mambo ya Walawi 22:24, inamkataa mnyama aliyehasiwa asitolewe sadaka, na wanazuoni wa Kiyahudi waliielewa aya hiyo kuwa inakataza kuhasi kwenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu walitofautiana: wako waliokataza kwa sababu ni kubadili maumbile, na wako walioruhusu iwapo pana manufaa ya kweli. Wakaramoja wa kaskazini-mashariki ya Uganda walikuwa na mtazamo wao. Kwao maksai si mnyama aliyedhalilishwa, bali ndiye kipenzi. Kijana humchagua mmoja, humwimbia, na hata huitwa kwa jina linalotokana na rangi au pembe zake.

Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham alitoa hoja kwamba la kuuliza juu ya mnyama si kama ana akili ya kufikiri au ulimi wa kusema, bali kama aweza kuumia. Karne mbili baadaye hoja hiyo iliingia katika sheria za nchi kadhaa. Norway, kwa mfano, katika sheria yake ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2009, haimruhusu mwenye mbwa kumhasi kwa mazoea tu; lazima pawe na sababu ya kutosha. Marekani, kinyume chake, kwa miaka mingi imekuwa ni desturi kumhasi mbwa wa nyumbani, na anayekataa ndiye aghalabu huulizwa sababu.

Hatukutaja haya ili tuchague upande. Tumeyataja ili tuone kwamba mchungaji, mwanazuoni na mtunga sheria, kila mmoja kwa njia yake, alihisi kwamba kisu kinadai sababu. Tofauti yao ni juu ya sababu ipi inatosha.

3. Jino lisilotaka kuondoka

Siku hizi katika mitaa ya Kampala, Nairobi na Kigali, pamoja na mbwa wetu wa kienyeji tunawaona mbwa wadogo mno wa asili ya ng'ambo: Chihuahua, Pomeranian, Maltese, Yorkshire Terrier. Wengi wao wakikua hawazidi kilo 4. Udogo huo, alioutaka binadamu na kuutengeneza kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, umeleta taabu yake kinywani.

Mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno yake ya utoto huanza kuchomoza akiwa na majuma 3 hivi, nayo hufika 28. Kuanzia mwezi wa 4 hivi meno hayo huanza kutoka na kuyapisha meno ya ukubwa, ambayo jumla yake ni 42. Na kwa kawaida kazi hiyo huwa imekwisha afikishapo miezi 6 au 7. Jino jipya likipanda, mzizi wa lile la zamani huyeyuka kidogo kidogo, hata likalegea na kuanguka. Mara nyingi mwenye mbwa hata halioni. Mbwa hulimeza au huliacha sakafuni.

Kwa mbwa wadogo mambo hayaendi hivyo kila mara. Mzizi wa chonge la utoto hukataa kuyeyuka, na chonge la ukubwa hutokea kando yake. Meno mawili yakasimama mahali pa moja, kama wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja. Taya la juu, jino jipya hukaa mbele ya lile la zamani. Taya la chini, jino jipya husukumwa ndani, kuelekea ulimi. Chakula hunasa katikati, ufizi huoza, kinywa hunuka. Lililo baya zaidi ni kwamba chonge la chini lililosukumwa ndani huweza kulichoma kaakaa kila mbwa afumbapo kinywa. Ni kiumbe anayejichoma mwenyewe mchana kutwa, asiweze kumwambia mtu yeyote.

Madaktari wa mifugo wana kanuni fupi hapa: meno mawili ya namna moja yasikae mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lakini kanuni kuwa fupi si kusema kazi ni rahisi. Mzizi wa chonge la utoto ni mrefu na mwembamba. Ukivutwa kwa pupa huvunjika, na kipande kikabaki ndani. Kwa hiyo mbwa hana budi kulazwa kwa dawa ya nusukaputi. Na nusukaputi kwa mnyama wa kilo 2 si mchezo: mwili wake hupoteza joto upesi, na sukari ya damu yake huweza kushuka.

4. Kizazi na umri wake

Kwa miaka mingi madaktari wengi walitaja umri mmoja wa kuhasi mbwa yeyote: miezi 6. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1969 uliipa desturi hiyo nguvu. Ulisema kwamba jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto lake la kwanza, hatari yake ya kupata saratani ya matiti ni asilimia 0.5 tu ya ile ya jike asiyeguswa. Akingojewa joto la kwanza lipite ni asilimia 8. Na likipita la pili ni asilimia 26. Tarakimu hizo zilirudiwa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2012 wachunguzi wa Uingereza walipoupima upya ushahidi wote uliokuwapo, waliuona kuwa dhaifu. Hawakusema kwamba ni uongo. Walisema kwamba msingi wake si imara kama watu walivyodhani.

Kisha zikaja tafiti za Chuo Kikuu cha California, Davis. Ile ya mwaka 2013, juu ya mbwa wakubwa wa aina ya Golden Retriever, ilionyesha kwamba waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walipata zaidi maradhi ya viungo, kwa kuwa homoni za uzazi zina kazi katika kukua kwa mifupa. Ile ya mwaka 2020 ilitazama aina 35 za mbwa, ikaona kwamba kwa mbwa wadogo, kwa jumla, kuhasiwa mapema hakukuongeza maradhi hayo. Kwa hiyo umri mmoja wa wote haupo. Ukubwa wa mwili nao una neno lake.

Hata mwili wa jike una kalenda yake. Jike mdogo aghalabu hupata joto la kwanza kati ya miezi 6 na 10, kisha kama mara mbili kwa mwaka. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wengine, hupata joto mara moja tu kwa mwaka. (Jina hilo ni ndugu wa neno letu "washenzi", ni masikitiko kwamba mbwa huyu mwerevu alitembea duniani akiwa amebeba tusi walilotukanwa wenyewe waliomfuga.)

Faida za kumtoa jike kizazi ni za kweli. Kizazi cha mbwa aliyezeeka huweza kujaa usaha na kumwua kwa siku chache. Jike mdogo akipata mimba huenda akashindwa kuzaa, maana vichwa vya watoto ni vikubwa na njia ni nyembamba. Na baada ya siku 63 hivi huja watoto ambao hakuna aliyewaomba. Kila mkazi wa mji ameona gunia jalalani ambalo hakutaka kulifungua. Hasara nazo ni za kweli: mbwa aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi, na baadhi ya majike hushindwa kuzuia mkojo wanapokua. Tena kuna ile hasara isiyo na kipimo, kwamba ameondolewa kitu ambacho kilikuwa sehemu ya umbwa wake.

Wako wanaotetea kuhasi kwa hoja ya kichaa cha mbwa. Hoja hii yafaa ipimwe kwa makini, maana maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Lakini kinachokizuia kichaa ni chanjo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuhasi kwaweza kusaidia kupunguza idadi ya mbwa wanaorandaranda, lakini mbwa aliyehasiwa bila kuchanjwa huambukizwa na huambukiza kama mwingine. Mtu asijifariji kwamba ametimiza wajibu wake kwa kisu ilhali amesahau sindano.

5. Usingizi mmoja, kazi mbili

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Tuseme mwalimu mmoja ana jike mdogo wa miezi 5. Chonge zake za chini ni mbilimbili, na zile mpya zimeanza kuligusa kaakaa. Daktari anampa njia mbili. Ya kwanza: ang'olewe meno sasa, kisha atolewe kizazi baadaye, yaani nusukaputi mara mbili na malipo mara mbili. Ya pili: angojewe mpaka miezi 7, kazi zote mbili zifanywe katika usingizi mmoja. Mshahara wa mwalimu twaujua.

Njia ya pili ina sura nzuri. Mbwa atalazwa mara moja badala ya mbili. Hatari ya dawa itapungua. Fedha zitabaki za karo ya watoto. Ndiyo maana madaktari wengi huunganisha kazi hizi, na mara nyingi wanafanya vyema. Lakini hapa ndipo maadili yanapotaka macho. Urahisi wetu na huruma yetu vimevaa kanzu ya rangi moja, na si kazi ndogo kuvitofautisha. Njia ya kuvitofautisha ni kuuliza: katika miezi hii 2 ya kungoja, ni nani anayelipa? Ikiwa jino jipya bado liko mahali pake, wala halimchomi, na siku za kungoja ni chache, kungoja ni huruma. Ikiwa linamchoma kila afumbapo kinywa, na kila juma linazidi kupotoka njia yake, basi anayelipa ni mbwa, nasi tunaiita akiba.

Kwa mfano huu tungesema: jino lisikingoje kizazi. Vitu viwili kuwa katika mwili mmoja si sababu ya kuvifunga kamba moja.

6. Chonge la mtoto mchanga

Hadi hapa huenda msomaji angali anaona kwamba tunazungumzia anasa za watu wa mjini. Lakini chonge hilohilo lina habari nyingine, tena chungu, katika nchi zetu.

Mtoto wa miezi michache hupata homa, akaharisha, akatapika. Mzazi au jirani humfungua kinywa, akaona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali pa chonge. Husemwa kwamba hapo pana jino baya, au mdudu, na kwamba lisipotolewa mtoto atakufa. Nchini Uganda watu wengi huyaita ebiino. Nchini Tanzania, tangu miaka ya 1980, yamejulikana kwa jina la meno ya nailoni. Huitwa fundi, naye huupasua ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, akatoa kitu kidogo cheupe na laini, akawaonyesha wazazi: mdudu ndiye huyu! Daktari wa meno wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya jambo hili nchini Uganda mwaka 1969, na halijakwisha.

Kile kitu cheupe si mdudu. Ni chonge la utoto lenyewe, ambalo bado halijawa gumu, na ambalo lingechomoza mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Karibu yake hukaa chembe ya chonge la ukubwa, nayo mara nyingi huharibiwa, jino likaja kuota limepinda au lisiote kabisa. Hayo ni madogo. Mtoto huweza kuvuja damu hata akafa. Huweza kupata pepopunda, na kifaa kilichopita kinywani mwa mwingine huweza kumletea virusi vya Ukimwi. Na kuharisha kule, au malaria ile, ambayo ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, inaendelea bila kutibiwa.

Lugha yetu inatukumbusha kwamba kuyaogopa meno ya mtoto ni jambo la kale. Kamusi zinalo neno kigego: mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto huyo alidhaniwa kuleta nuksi, na katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki aliweza hata kuuawa. Kosa lake lilikuwa nini, ila mwili wake kufuata kalenda isiyokuwa ile waliyoizoea wakubwa?

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wazazi. Wanaompeleka mtoto kwa fundi ni watu wanaompenda, tena wamekesha naye usiku kucha. Hapa ndipo penye fundisho. Mwenye mbwa anampenda mbwa wake. Mzazi anampenda mwanawe kuliko roho yake mwenyewe. Wote wawili wamesimama mbele ya jino lile lile, wakiwa na asiye na kauli mikononi. Mmoja anashawishika kungoja pale asipopaswa kungoja, kwa sababu ya fedha. Mwingine anaharakisha pale alipopaswa kungoja, kwa sababu ya hofu. Upendo peke yake haukumwongoza yeyote. Upendo hutupa nguvu ya kuamua, haupambanui lini.

7. Mizani

Tupime kwa nini basi? Tunapendekeza maswali matatu, yaulizwe kwa mfuatano.

La kwanza: kisu hiki ni kwa ajili ya nani? Ikiwa jibu ni "kwa ajili yake", na tuweze kutaja dhara lenyewe kwa jina: kaakaa linalochomwa, mimba itakayomwua. Jibu la "ndivyo wafanyavyo wengine" si jibu. Mbwa dume mdogo anayekaa ndani ya ua, peke yake, asiyesumbua wala kusumbuliwa, si lazima ahasiwe ati kwa kuwa ametimiza miezi 6. Jike anayeishi na madume, na mwenye nyumba hana ua wala mlinzi, hali yake ni nyingine. Kwake kungoja joto lipite ni kuchagua gunia lile la jalalani.

La pili: je, litakaloondolewa laweza kurudishwa? Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Jino la utoto lililokawia halina kazi tena mwilini. Likitoka, mbwa hakupungukiwa. Chonge la mtoto mchanga ni amana ya miaka mingi ijayo. Kizazi nacho hakirudi. Kadiri jambo lisivyorudishika, ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa mzito.

La tatu: kungoja kuna gharama gani, na ni nani anayeilipa? Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba asiyeamua hakutenda. La hasha. Anayeliacha jino limchome mbwa ameamua, kama vile aliyeling'oa alivyoamua.

Yafaa pia tujibu pingamizi moja. Wako watakaosema: mnyama si mtoto, kwa nini mwapima kwa mizani moja? Ni kweli, si sawa. Tofauti moja ni kubwa kuliko zote. Mtoto atakua. Siku moja atasimama mbele ya kioo, aone pengo, aulize: nani aliyafanya haya, na kwa nini? Mzazi atatakiwa kujibu. Hata Wajaluo wa zamani, waliowang'oa vijana wao meno 6 ya chini kuwa alama ya kuingia utu uzima, waliwafanyia watu waliokuwa na umri wa kuelewa na kukumbuka. Mbwa hatauliza kamwe. Ataamka kutoka usingizini, miguu ikitetemeka, naye ataulamba mkono ule ule uliomshika wakati wa sindano.

Wengine huona kwamba hili linaufanya wajibu wetu kwa mbwa kuwa mwepesi. Sisi twaona linaufanya kuwa mzito. Deni ambalo mdai wake aweza kuja kulidai, hata mtu mwenye hila atalilipa, kwa kuogopa aibu. Deni ambalo mdai wake hana kinywa cha kudai, hulipwa na mwaminifu peke yake. Hapo ndipo mtu ajijuapo.

8. Mithali mbili

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuulizwa na mwanafunzi mkaidi: mwalimu, kwa nini wahenga wanajipinga? Mara haraka haraka haina baraka. Mara ngoja ngoja huumiza matumbo. Tufuate ipi?

Baada ya safari hii fupi tunaweza kumjibu. Mithali hizi hazipingani. Zinasemwa kwa watu wawili tofauti. Ya kwanza aambiwe yule mzazi aliyeshika mtoto mwenye homa, ambaye fundi anamwita: ampeleke mtoto zahanati, atibiwe kuharisha au malaria, na ufizi uachwe. Ya pili aambiwe yule mwenye mbwa anayehesabu shilingi, ilhali chonge linatoboa kaakaa. Hekima si kuwa mwepesi wala kuwa mzito. Hekima ni kujua ni mwili wa nani unaosema, na unasema nini, kabla ya sisi kusema kwa niaba yake. Jino lililokawia linasema. Ufizi uliovimba nao unasema, ila husema tu kwamba jino liko njiani.

Tumeanza na jambo dogo, nasi tutamalizia hapo hapo padogo. Mtu aliye na mbwa mdogo nyumbani na amfungue kinywa kila juma tangu akiwa na miezi 4 hadi 7, ahesabu chonge zake. Akiona manne, asifanye lolote. Akiona zaidi, ampeleke kwa daktari, asingoje. Na kabla ya kumtoa kizazi, amwulize daktari si "lini mwafanya?" bali "huyu, kwa udogo wake na makazi yake, lini inamfaa?" Maneno machache tu yamebadilika katika swali hilo, lakini ndiyo yanayomrudisha asiye na kauli katika mazungumzo yanayomhusu.

Ya kuzungumzia darasani

1. Eleza tofauti ya maana kati ya maneno haya: fahali, maksai, beberu, ndafu. Je, yanatuambia nini juu ya matumizi ya wanyama katika jamii zilizoyatumia?

2. "Asiyeamua ameamua." Jadilini kauli hii kwa mifano kutoka katika maisha ya nyumbani au shuleni.

3. Katika lugha ya kwenu, kuna neno la mtoto aliyeota meno ya juu kwanza? Waulizeni wazee alitendewa nini zamani, na siku hizi anatendewa nini.

4. Mdahalo: Mwenye mnyama ana haki ya kumhasi bila kutoa sababu kwa mtu yeyote.